Viwavi wa mlimau wanakufa, mwanangu analia: tuwatupe au bado kuna wa kuokoa?

SWALI: Binti yangu ana miaka 7. Walifundishwa shuleni hatua za ukuaji wa kipepeo, akarudi nyumbani na kuokota viwavi sita kwenye mlimau wetu wa uani, hapa Kibaha. Wengine ni wa kijani, wengine weusi wenye baka jeupe kama kinyesi cha ndege. Niliwaweka kwenye ndoo ya plastiki nikafunika kwa kipande cha neti ya mbu kuukuu. Siku ya kwanza tuliwapa majani ya mlimau, siku ya pili mvua ilituzuia kutoka nikawapa mchicha. Jioni yake wanne waliokuwa wamepanda hadi kwenye neti walianza kutetemeka, wakatapika maji ya kijani, wakadondoka na kufa. Wawili waliobaki chini kwenye majani walipona, nikawahamishia kwenye chupa kubwa ya plastiki yenye vitundu. Mdogo anakula. Mkubwa, wa kijani, ameacha kula tangu jana, ameharisha maji, akazunguka usiku kucha, na sasa ameganda kwenye kijiti, amejikunja, na kuna uzi umemzunguka mgongoni. Nataka kuukata lakini naogopa. Binti analia, anasema yeye ndiye aliyewaua kwa kuwashika. Mama mkwe anataka tuwatupe kabla hawajamwasha mtoto, na anasema vumbi la kipepeo hupofusha. Nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, huo uzi uache. Kiwavi wako mkubwa haumwi. Kuacha kula, kuharisha maji, kuzunguka usiku kucha kisha kuganda kwenye kijiti: ndivyo kiwavi wa aina hii anavyofanya anapokaribia kuwa pupa, yaani hatua ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo. Anasafisha tumbo lake kwa sababu hataendelea na safari akiwa na majani tumboni, anazunguka akitafuta mahali salama, na uzi ameusokota mwenyewe kwa hariri inayotoka karibu na mdomo wake. Uzi huo ndio unaomshikilia. Ukiukata ataanguka, na katika hali aliyonayo sasa miguu yake haina tena nguvu ya kushika kijiti. Sogeza chupa mahali pasipotikiswa na pasipopigwa na jua, kisha mwacheni. Huenda hata unaposoma hapa ameshabadilika.

Sasa wale wanne. Naomba binti yako aondolewe lawama leo hii, kabla hajalala. Kiwavi aliyeshikwa na mtoto anaweza kuumia akibanwa, au akibanduliwa kwa nguvu kwenye jani, lakini hafi kwa namna uliyoieleza. Kutetemeka, kutapika kijani, kuachia miguu na kudondoka ni dalili za sumu inayoshambulia neva, yaani mishipa ya fahamu. Na ushahidi umeuandika mwenyewe: waliokufa ni waliopanda hadi kwenye neti, waliobaki chini wamepona. Sijawaona kwa macho yangu, lakini dalili hizo na mpangilio huo wa vifo vinaelekeza upande mmoja.

Neti nyingi zinazogawiwa kliniki na shuleni, na nyingi zinazouzwa madukani, huwekwa dawa ya kuua wadudu kiwandani. Dawa hiyo imo ndani ya nyuzi zenyewe au imegandishwa juu yake, na Shirika la Afya Duniani linataka neti za aina hiyo ziendelee kufanya kazi hata baada ya kufuliwa mara 20 na kutumika kwa miaka 3. Ndiyo maana kipande kilichochanika, ambacho wewe unakiona ni kitambaa tu cha kufunikia, kwa kiwavi bado ni sumu kamili. Dawa zinazotumika zaidi ni za jamii ya pairethroidi, zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya asili iliyomo kwenye ua la pareto, lile lile linalolimwa Mufindi na Mbeya.

Namna inavyoua ni hivi. Neva hupitisha ujumbe kwa kufungua vitundu vidogo sana vinavyoruhusu sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, kuingia, kisha kuvifunga mara moja. Pairethroidi huvizuia visifunge. Ujumbe uliotakiwa kupita mara moja unarudiwa mfululizo bila kukatika, misuli inakaza na kulegea ovyo, mdudu anatetemeka, anatapika, mwishowe anapooza. Kiwavi ana ngozi nyembamba, anatambaa na kukanyaga dawa kwa miguu yake yote, na mwili wake ni mdogo. Hahitaji dozi kubwa.

Mwanao naye hulala ndani ya neti kama hiyo, na najua swali linalofuata kichwani mwako. Mwili wa binadamu huivunja dawa hii haraka na kuitoa, na kiasi kinachopenya kwenye ngozi ni kidogo mno. Tafadhali jibu langu lisiwe sababu ya kumtoa mtoto kwenye neti hata usiku mmoja. Malaria inaua watoto. Neti ibaki kitandani, ila isitumike kwenye ndoo ya viwavi, basi.

Kwa kuwa tumefika hapa, chupa hiyo isikae chumba mnachowasha dawa ya mbu ya kuchoma wala mnachopuliza dawa ya kopo, maana nyingi ni za jamii ile ile na moshi wake unatosha. Mkono uliopakwa losheni ya kufukuza mbu unawe kwanza ndipo uguse majani. Na msije mkachuma majani kwenye miche ya kununua bila kuuliza imepigwa dawa gani. Kuna dawa, kwa mfano imidaklopridi, ambazo mmea huzinyonya zikasambaa ndani ya jani lenyewe. Ukiliosha jani mara kumi, sumu imebaki pale pale. Mlimau wenu wa uani unaonekana uko salama, kwa sababu hao wawili wameula na wako hai.

Ndoo uliyoitumia ioshe kwa sabuni, suuza vizuri, ianike juani, au tafuta nyingine. Kama ni mimi ningetafuta nyingine.

Mchicha haukuwaua, lakini usiwape tena. Viwavi hawa ni wa kipepeo anayeitwa kitaalamu Papilio demodocus, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, asiye na mkia kwenye mbawa, ambaye bila shaka umemwona akizungukazunguka mlimau wenu asubuhi. Jike akitua kwenye jani hulipigapiga kwa miguu ya mbele. Miguuni mwake kuna vihisi vinavyoonja kemikali za jani. Akihakikisha ni jamii ya mlimau, mdimu, mchungwa, mchenza au mbalungi, hutaga yai moja la rangi ya njano hafifu, dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, kisha huenda kutaga jingine mahali pengine. Kiwavi naye amezaliwa na vihisi mdomoni vinavyotambua majani hayo hayo. Ukimpa mchicha, kabichi au matembele, atazunguka akitafuta chakula akiwa juu ya kitu ambacho kwake si chakula, na atakufa njaa mbele yako. Mvua ikinyesha chuma majani mabichi, yakung'ute maji, yafute kwa kitambaa, uwape. Au chuma ya siku mbili uyahifadhi kwenye mfuko ndani ya friji.

Tena hao si wa aina mbili. Ni wale wale wa umri tofauti. Akiwa mdogo kiwavi huyu ni mweusi au kahawia mwenye baka jeupe katikati, na ukimtazama juu ya jani huwezi kumtofautisha na kinyesi cha ndege. Ndivyo anavyopona, kwa kuwa hakuna ndege anayetafuta kinyesi ale. Anapokua, ngozi yake haikui pamoja naye, inambana kama sare ya shule ya mwaka juzi, kwa hiyo huivua na kutokeza na mpya. Anafanya hivyo mara nne akiwa bado kiwavi. Akivua ile ya nne anatokea wa kijani, mnene, mwenye michirizi ya kahawia na alama mbili mbele zinazofanana na macho. Kwa hiyo mdogo wako mweusi atakapogeuka kijani ghafla, binti asidhani mmebadilishiwa.

Jambo moja lizingatiwe katika hatua hii. Kabla ya kila kujivua, kiwavi hutulia kabisa kwa takriban siku nzima, hali, hatembei, na kichwa chake huonekana kimesogezwa mbele. Ameshasokota kitanda cha hariri juu ya jani na ameshikilia hapo kwa miguu ya nyuma ili apate kujivuta kutoka kwenye ngozi ya zamani. Ukimbandua kwa kudhani anaumwa, umemwondolea nanga, na wengi hukwama nusu ya ngozi na kufa. Ni rahisi hili kutokea kwenye nyumba zenye watoto wadadisi. Fundisha sheria moja tu: kiwavi aliyetulia haguswi. Kubadilisha majani, kata kipande cha jani alilokalia, ukiweke juu ya jani jipya; atahama mwenyewe akiwa tayari.

Anayetembea anaweza kushikwa, kwa kumwekea kidole mbele apande. Akikasirika atachomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zimeungana chini, na harufu kali itakupiga puani. Mtoto huruka nyuma kwa hofu mara ya kwanza. Pembe hizo hazichomi wala haziumi. Ni za kufukuza sisimizi na nyigu. Baada ya dakika moja huzirudisha ndani.

Turudi kwa yule wa kwenye kijiti. Baada ya kujifunga hukaa takriban siku moja amejikunja. Kisha ngozi hupasuka nyuma ya kichwa, yeye hujinyonganyonga na ngozi ikateremka hadi mkiani. Hapo ndipo pa kushangaza: huchomoa ncha ya mkia wake kutoka kwenye ngozi inayodondoka, akaipapasisha hadi ikanasa kwenye kishada cha hariri, huku uzi wa mgongoni umembeba uzito wote. Ukiwa na bahati ya kuwa pale mwite binti aone, ni kazi ya dakika chache tu. Pupa huwa laini saa za kwanza kisha hukauka. Anaweza kuwa wa kijani au wa kahawia. Hutegemea mahali alipojishikiza, na rangi zote mbili ni za afya.

Kinachotokea ndani mara nyingi husimuliwa watoto kwa kutia chumvi, kwamba kiwavi anayeyuka wote akawa uji. Ni kweli sehemu kubwa ya misuli na viungo vya kiwavi huvunjwa na kutumika upya. Lakini tangu akiwa kiwavi ndani yake kuna vifurushi vidogo vya seli, kimoja cha kila bawa, kila mguu, kila jicho, vilivyokuwa vimezuiwa visikue na homoni inayomweka katika utoto. Homoni hiyo inaposhuka, vifurushi huanza kukua. Mirija ya hewa haiondoki. Inatengenezwa upya pale pale ilipo. Sehemu ya ubongo nayo hubaki. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambapo viwavi wakubwa wa nondo walifundishwa kuepuka harufu fulani, na walipotoka wakiwa nondo kamili wengi waliendelea kuiepuka. Mwambie binti hilo. Watoto wa umri wake huuliza kama kipepeo anakumbuka alikuwa kiwavi, na kwa harufu angalau tuna jibu.

Kwa joto la Kibaha tarajia takriban wiki 2 za pupa, pengine zaidi. Ndugu zetu wa kwenye baridi ya Lushoto au Njombe wangesubiri muda mrefu kuliko huo. Katika muda wote huo hahitaji chakula wala maji. Kama hewa ni kavu sana, nyunyizia ukuta wa chupa matone machache, lakini pwani yetu mara nyingi tatizo ni unyevu kuzidi na ukungu kuota, kwa hiyo hewa iwe inapita.

Na huyu mdogo? Una njia tatu, na nitakuambia ukweli wa kila moja.

Ya kwanza ni kumrudisha mlimauni. Ni halali kabisa, wala si kumtelekeza. Ni nyumbani kwake. Ila ujue kwamba viwavi wengi porini hawafiki utu uzima. Ndege, buibui, nyigu na sisimizi wanawasubiri. Ukichagua hivi, mweleze mtoto kabla, si baada ya kwenda asubuhi na kukuta jani tupu.

Ya pili, ambayo kwa mwenye mti uani ndiyo naipenda kuliko zote, ni kumwacha kwenye mti lakini ukalivika tawi mfuko wa kitambaa chepesi cha shela, kile cha mafundi cherehani, au pazia jembamba lisilo na dawa, ukalifunga shinani kwa kamba laini. Anakula majani mabichi yenye uhai, hewa inapita, kinyesi unakikung'uta kila siku mbili. Kagua tawi kwanza, kwa maana ukifungia buibui humo ndani umemwandalia karamu. Na kama mlimau una majimoto, wale wekundu wanaoshona majani kuwa viota, usijaribu njia hii. Wanapenya pasipopenyeka na hawaachi kitu.

Ya tatu ni kuendelea ndani, kwenye chupa au ndoo. Faida yake ni kwamba mtoto anaona kila kitu, na kwa mwanafunzi wa darasa la kwanza au la pili hilo si jambo dogo. Gharama yake ni kazi ya kila siku: kutoa kinyesi, ambacho kikilowa huota ukungu na kuleta magonjwa, kubadilisha majani kabla hayajakauka, kuzuia sisimizi kwa kuisimamisha chupa kwenye sahani yenye maji, kuilinda na mjusi kafiri. Ukiweka tawi kwenye kichupa cha maji ili lisinyauke, ziba mdomo wake kwa pamba, la sivyo kiwavi atashuka kwa shina hadi majini na kuzama. Chupa isikae dirishani penye jua. Plastiki iliyofungwa hupata joto la kuua ndani ya muda mfupi. Na viwavi wasizidi wawili watatu kwa chombo, kwa kuwa ugonjwa ukiingia kwenye msongamano huwamaliza wote.

Ugonjwa wenyewe utautambua: kiwavi hulegea, hugeuka mweusi, hunuka, na akiguswa ngozi hupasuka na kutoa uji. Huyo mtoe mara moja, tupa majani yote, osha chombo, nawa mikono. Kwa wadudu waliooza hivyo hakuna tiba, usipoteze fedha.

Usichukue hata njia moja kwa kudhani mnaokoa kipepeo anayetoweka. Huyu ni wa kawaida kabisa Afrika, na wenye bustani za miche ya michungwa humhesabu kuwa mharibifu. Thamani ya kazi hii iko kwa binti yako, na hiyo inatosha. Akizidi kupenda, siku moja mpelekeni kituo cha vipepeo cha Pete, karibu na Jozani kule Unguja. Jirani zetu wa Kenya wana mradi wa Kipepeo pale Gede, ambao tangu 1993 umewasaidia wanakijiji wanaozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi. Kule Amani, Usambara Mashariki, wanakijiji nao walifanya kazi hiyo hiyo, hadi zuio la 2016 la kusafirisha wanyamapori hai lilipowafungia soko. Watu wazima wamesomesha watoto kwa viwavi. Mwambie na hilo mama mkwe.

Siku moja au mbili kabla ya kutoka, ganda la pupa litakuwa jembamba na utaona rangi nyeusi na njano za mbawa kwa ndani. Mara nyingi hutoka asubuhi. Atatoka na tumbo nene na mbawa ndogo zilizokunjamana, na mtoto atasema ni kilema. Subirini. Atapanda kijiti na kuning'inia, akisukuma maji ya mwili wake kwenye mishipa ya mbawa hadi zitanuke, kisha atakaa saa moja mbili au zaidi zikauke. Mtazameni mdomo: mrija wake wa kunyonyea hutoka ukiwa nusu mbili, naye huukunja na kuukunjua hadi ziungane. Atadondosha majimaji yenye rangi, mengine mekundu. Si damu, ni mabaki yaliyokusanyika akiwa pupa.

Kumsaidia kutoka, hapana. Husemwa kwamba akisaidiwa atakosa nguvu kwa kuwa hakuteseka. Sababu halisi ni ya kawaida zaidi: mbawa wakati huo ni laini kuliko karatasi iliyolowa, kidole chako kitazichana. Na yule anayekwama kwa kweli, mara nyingi alishaathirika mapema kwa ugonjwa, ukavu au sumu, hata ukimchomoa hataruka. Unachoweza kukifanya ni kumwandalia nafasi. Anahitaji urefu wa kuning'inia bila mbawa kugusa chini, na kwa kipepeo mwenye upana wa zaidi ya sentimita 10, hiyo chupa yenu huenda ni fupi. Mkisharidhika kwamba pupa amekauka, hamishieni kijiti chake kwenye boksi kubwa lenye kitambaa cha shela mbele. Akidondoka kwa bahati mbaya baada ya kukauka, mlaze kwenye pamba karibu na kijiti kikavu chenye mkwaruzo ili akitoka apate pa kupanda.

Mwachieni jua likiwa limepanda na hakuna mvua. Mvua ikinyesha anaweza kulala ndani usiku mmoja bila chakula. Ataishi wiki chache tu, binti ajue hilo mapema.

Kuna uwezekano mmoja wa kumwandaa nao. Badala ya kipepeo, pupa anaweza kutoboka na kutoa nyigu wadogo wengi, au funza wakashuka na kugeuka inzi. Mama yao alitaga ndani ya kiwavi au juu ya pupa mapema, pengine kabla ninyi hamjamwokota. Si uchafu wenu. Nyigu hao ni sababu mojawapo ya milimau yetu kuwa bado na majani, na mtoto wa miaka 7 anaweza kuelewa hilo akielezwa bila kufichwa. Kwa wale wanne waliokufa pia, usimwambie wamelala au wamekwenda mbali. Mwambie neti ilikuwa na dawa, hakuna aliyejua, wewe hukujua. Kisha mpe kazi ya kuchunga huyu mdogo. Akiendelea kulia kwa wiki nzima, akikataa kula au kulala, huenda kuna jambo jingine limemgusa, tofauti na viwavi. Zungumza na mwalimu wake, na ikibidi mshauri wa watoto.

Nimebakiza hoja za mama mkwe, na anastahili kujibiwa kwa heshima kwa sababu hajakosea yote. Vumbi la kipepeo ni magamba madogo yanayofunika mbawa. Hayapofushi. Yakiingia jichoni yatalikera kama vumbi jingine, unaosha kwa maji safi, na mwenye pumu asiyasogelee puani. Viwavi hawa wa mlimau hawawashi. Ila viwavi wenye manyoya, hasa baadhi ya wa nondo wanaojikusanya kwenye magome ya miti, wanawasha kweli, na hapo bibi anajua anachosema. Kwa hiyo binti asiokote kiwavi yeyote mwenye manyoya au miiba, wala asitikise mti uliojaa viwavi hao. Ongeza na hili: utomvu wa majani ya mlimau na maji ya ndimu vikibaki kwenye ngozi kisha ikapigwa na jua kali, huweza kuunguza na kuacha madoa meusi. Baada ya kuchuma majani anawe kwa sabuni kabla ya kwenda kucheza.

Akiguswa na kiwavi mwenye manyoya, asijikune. Bandika selotepu juu ya ngozi na uibandue mara kadhaa ili ing'oe manyoya, kisha osha kwa maji na sabuni na ubadilishe nguo zake. Upele unaowasha kwa siku moja mbili hutulia wenyewe. Lakini manyoya yakiingia jichoni, usijaribu kuyatoa nyumbani na usimruhusu kulisugua. Suuza kwa maji safi na mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuwa yana tabia ya kuzidi kuzama ndani ya jicho. Na akivimba midomo au uso, akitapika, au akipumua kwa shida, hiyo ni dharura: hospitali mara moja, hata kama ni usiku.